UZI: Castra, marago ya askari wa Kirumi yaliyozaa Manchester, château, alcázar na kasri letu

#1 Msoma Ramani

Wakuu salaam,

Kila wikiendi vibanda umiza vinatetemeka kwa Manchester hii na Manchester ile, lakini sijakutana na uzi humu unaouliza kwa nini miji mingi ya Waingereza inaishia vile: Manchester, Leicester, Lancaster, Winchester, Gloucester, Doncaster. Mkia wa majina yote hayo ni neno moja la Kilatini, castra. Nimelifuatilia kwa vitabu na ramani, na halikuishia Uingereza hata kidogo. Naweka nilichonacho, wenye zaidi waongeze.

Castrum kwa Kilatini ni ngome. Wingi wake, castra, ndio uliotumika kwa marago ya jeshi, hata yakiwa ya kulala usiku mmoja. Wataalamu wa nasaba za maneno wanalihusisha na mzizi wenye maana ya kukata: kipande cha ardhi kilichokatwa kikatengwa. Katika Kiosko na Kiumbria, lugha za Italia ya kale zilizo ndugu wa Kilatini, neno la ukoo huo lilitumika kwa shamba au kiwanja tu, halina jeshi ndani yake. Kitenzi castrare, kuhasi, nacho kinatajwa kwenye mzizi huohuo wa kukata. Hapo nisiseme zaidi, kuna watoto humu.

Jeshi la Kirumi likiwa safarini lilikuwa halilali hivihivi. Kila jioni askari walichimba handaki, wakapandisha tuta kwa udongo uleule, wakachomeka miti juu ya tuta. Ndani kulikuwa na barabara kuu zinazokutana mbele ya hema la jemadari, na milango minne. Polybius, Mgiriki wa karne ya 2 KK, ameueleza mpango huo kwa kirefu sana. Kila kikosi kilikuwa na nafasi yake ileile, kwa hiyo askari alijua hema lake litakaa upande gani kabla hajatua mzigo. Josephus, Myahudi aliyewaona Warumi wakiipiga nchi yake kuanzia mwaka 66 BK, anasema marago yao ni kama mji unaochipuka ghafla, una soko na una mafundi. Kaisari naye, akieleza vita vyake vya Galia (Ufaransa ya leo), anaposema alifika Gergovia kwa mwendo wa siku tano, anahesabu castra, marago ya tano. Neno lilikuwa kipimo cha safari pia.

Jeshi likikaa sehemu moja miaka mingi, hema hugeuka nyumba na tuta hugeuka ukuta wa mawe. Nje ya lango wanakuja wachuuzi, wauza pombe, na wanawake waliozaa na askari (ndoa halali askari wa kawaida alikatazwa kwa muda mrefu, watoto hawakusubiri sheria). Halafu dola inaondoka. Uingereza utawala wa Kirumi ulikatika mwanzoni mwa karne ya 5. Waanglo-Saksoni walioingia baadaye wakakuta kuta zimesimama, na kila penye kuta za Kirumi wakapaita ceaster, pawe palikuwa pa askari au pa raia. Winchester, kwa mfano, ulikuwa mji wa kiraia, Venta Belgarum. Chester wenyewe ulikuwa Deva, makao ya Legioni ya 20 (legioni ni kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi). Manchester ilikuwa ngome ya Mamucium, na mtaa palipokuwa na ngome hiyo hadi leo unaitwa Castlefield.

Castlefield hiyo inatuleta kwa mtoto wa castrum. Kilatini kilikuwa na namna ya kudogosha maneno, na castrum ikidogoshwa inakuwa castellum, kingome. Castellum ndiyo iliyozaa castello ya Waitalia, castillo ya Wahispania, castelo ya Wareno, kasteel ya Waholanzi, castle ya Waingereza na château ya Wafaransa. Château na castle ni neno moja kabisa. Kifaransa cha Paris kiligeuza k ya mbele ya a kuwa "sh", na ile s ya katikati ikamezwa, ikaacha kikofia juu ya a. Wanormani wa kaskazini hawakugeuza k yao, wakavuka bahari nayo mwaka 1066 walipoiteka Uingereza.

Dai langu katika uzi huu ni kwamba Warumi waliacha kuta nyingi, na kila aliyezirithi alilivuta neno kuelekea kazi aliyozipa kuta hizo. Kwa Mwingereza likawa mji, kwa Mfaransa likawa jumba la tajiri na shamba la zabibu. Kuna kwingine lilikoenda ambako nitawashangaza, lakini kwanza nione kama kuna mtu anasoma.

#2 Ngoja Waje

Nimeweka mkeka hapa. Haya ndiyo madini, siyo zile nyuzi za "nimeota nyoka".

#3 Gunner wa Tandika

Mkuu maswali mawili. Moja, kwa nini Leicester wanatamka "Lesta" na herufi zote zile wameziandika? Mbili, kwa nini kwingine -chester kwingine -caster kama ni neno moja? Na Newcastle nayo imo?

#4 Msoma Ramani

Gunner, la kwanza: mdomo hukimbia, maandishi hubaki. Leicester, Worcester na Gloucester zilikuwa na silabi zote kinywani, zikafupishwa kadiri watu walivyozitaja kila siku. Wanormani nao walichangia, ile "ch" ya Kiingereza cha kale iliwashinda, wakaifanya s. Waliofupisha kupita wote ni watu wa Exeter. Zamani ilikuwa Exanceaster, ceaster ya mto Exe. Leo kwenye mkia pamebaki -eter tu, castra nzima imeliwa.

La pili: kaskazini na mashariki walikaa Wadenmark na Wanorwe, ambao lugha yao haikuwa na tabia ya kugeuza k kuwa "ch". Ndiyo maana huko unakuta Lancaster, Doncaster, Tadcaster. Mpaka wenyewe haukunyooka, maana Manchester nayo ni kaskazini.

Newcastle imo kupitia mtoto. Ngome mpya ilijengwa mwaka 1080 na Robert, mwana wa William Mshindi, ndipo mji ukaitwa ngome mpya. Na wapi waliijenga? Juu ya ngome ya Kirumi ya Pons Aelius. Castellum juu ya castrum, mtoto amekaa mabegani kwa baba.

#5 Mkaa Perth

Niongeze kachumbari. Huku Australia ukiingia duka kubwa utakuta bango limeandikwa MANCHESTER, na hapo hakuna mpira wala jezi. Ni idara ya mashuka, foronya na taulo. Pamba iliyofumwa Manchester ndiyo iliyokuwa ikiletwa huku, jina la mji likabaki kwenye shuka. Siku ya kwanza niliuliza mhudumu jezi ziko wapi.

#6 Msoma Ramani

Hahaha. Pwani yetu tulifanya vilevile na merikani. Kitambaa kilitoka Marekani kwenye meli za Salem, kikaitwa kwa jina la kwao.

#7 Bin Mwinyi

Assalaam alaykum. Ndugu Msoma Ramani, kichwa cha uzi umeandika "kasri letu". Hapo nina neno. Kasri tumelitoa kwenye Kiarabu, qasr, na qasr ina mzizi wake wa Kiarabu safi: qaf, sad, ra. Ni mzizi wa kufupisha na kuzuia. Msafiri anafupisha sala, anasali qasr. Katika Surat Rahman, Hurulaini wametajwa kuwa ni "maqsurat fil khiyam", waliohifadhiwa katika mahema. Msikitini kuna maqsura, sehemu iliyozuiwa alikosali mtawala. Kasri ni jengo linalowazuia watu wasiingie ovyo. Wanalugha wa Kiarabu waliliweka humo. Sasa Warumi wanaingilia wapi? Tusiwe watu wa kila kitu ni Ulaya.

#8 Msoma Ramani

Waalaykum salaam sheikh. Nilikuwa nakusubiri, kwa heshima zote.

Mzizi huo upo, na wanalugha wa zamani kweli waliliweka neno humo. Lakini neno geni likikaa katika Kiarabu siku nyingi huvaa mzizi, lugha yenyewe imejengwa hivyo. Sababu zinazowafanya wataalamu wengi waseme qasr ni castrum ni hizi ninavyozielewa.

Kwanza njia yake inaonekana. Warumi wa mashariki walizungumza Kigiriki, wakaifanya castrum kuwa kastron. Kutoka Kigiriki likaingia Kiaramu, lugha ya Sham (Syria na jirani zake), na huko lina umbo la qasra. Waarabu walikuwa majirani na wafanyabiashara wa Sham karne nyingi kabla ya Uislamu.

Pili, sauti. Ile "st" ya Kilatini imekuwa sad katika Kiarabu. Ingekuwa mara moja ningesema bahati. Lakini tazama neno jingine la Kirumi, strata, barabara iliyotandikwa mawe. Huko Ulaya limezaa strada ya Italia, Straße ya Ujerumani na street ya Uingereza. Katika Kiarabu limekuwa sirat, kwa sad ileile. Unalitamka katika kila rakaa, sheikh.

Tatu, na hii ndiyo ninayoipenda. Jordan kuna ngome ya Kirumi jangwani imesimama karibu nzima, Qasr Bshir. Juu ya lango lake bado kuna jiwe la maandishi ya Kilatini la enzi za mtawala wa Roma Diocletian, kati ya mwaka 293 na 305, linalosema jengo hilo ni castra. Waarabu wa eneo hilo wanaliita qasr. Jengo ni moja, juu ya mlango limeandikwa castra, na anayepita na ngamia wake anasema qasr.

Na kusema limetoka Rumi si kulipeleka Ulaya. Njia hii ya neno haikupita London wala Paris. Ilipita Sham, Hijazi, Yemen na Oman, ikapanda jahazi.

#9 Bin Mwinyi

Hilo jiwe la mlangoni limenigusa, sitakuficha.

Lakini niwaeleze wasomaji kwamba mjadala huu si wa jana. Neno qasr limo katika Kurani: Surat al-Hajj aya ya 45 inataja kisima kilichoachwa na qasr iliyojengwa imara, na wingi wake qusur umo katika Surat al-Furqan. Wanazuoni walishaulizana kama Kurani, iliyoteremshwa kwa Kiarabu kilicho wazi, ina maneno ya kigeni. Imamu Shafii alikataa kabisa. Tabari alisema lugha mbili zinaweza kuafikiana katika neno. Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam akaja na kauli ninayoiona ya hekima: asili yake ni ya wageni, lakini Waarabu walilichukua wakalitia katika ndimi zao, Kurani ilipoteremka lilikwishakuwa Kiarabu. Kwa hiyo pande zote mbili zimesema kweli. Na Suyuti katika kitabu chake Itqan amenukuu kwamba sirat ni njia kwa lugha ya Rumi, kwa hiyo hapo huna ugomvi nami.

Kwa qasr nabaki na Abu Ubayd. Iwe limetoka kwako au kwangu, limekuwa letu kabla ya Waingereza hao wa Manchester kujua kuandika.

Faida ndogo: kama Kilatini kinadogosha castrum kuwa castellum, Kiarabu kinadogosha qasr kuwa qusayr. Bandari ya Misri kwenye Bahari ya Shamu ambako mahujaji walipandia vyombo, al-Qusayr, ni kikasri. Na mji wa Luxor ni al-Uqsur, makasri, wingi wa qasr.

#10 Msoma Ramani

Sheikh, asante sana kwa Luxor, umenipa daraja. Watu hudhani makasri hayo ni mahekalu ya Mafirauni, na huenda wapita njia waliona hivyo. Lakini ndani ya hekalu lile la Amuni, mwisho wa karne ya 3, Warumi waliweka ngome ya jeshi lao. Kuna chumba walichokipaka lipu juu ya michoro ya Mafirauni na kuchora watawala wao. Castra ilikuwepo palepale.

Sasa twende Hispania, maana huko neno limekutana na nduguye bila kumtambua. Waislamu walivuka mwaka 711 wakiwa na qasr yao. Wakajenga, au wakakalia, al-qasr Sevilla, Toledo, Segovia. Wahispania wakalichukua pamoja na al- yake: alcázar. Wakati huohuo walikuwa nalo tayari castro, lililobaki moja kwa moja kutoka Kilatini. Katika Galicia castro ni kijiji cha kale cha mlimani chenye kuta, cha watu wa kabla ya Warumi. Limekuwa jina la vijiji na koo nyingi, na baba yake Fidel Castro alitoka Galicia hiyo. Walikuwa nalo pia castillo, na jimbo zima wakaliita Castilla, nchi ya ngome, kwa sababu ulikuwa mpaka wa vita. Lugha yao wenyewe wanaiita castellano. Kwa hiyo katika lugha moja kuna castro, castillo na alcázar, babu mmoja. Wakatalani wakaongeza la kwao, wanaita castells ile minara ya watu wanaopandana mabegani hadi mtoto anafika kileleni.

Tazameni nembo iliyo kwenye bendera ya Hispania. Kuna ngome, na kuna simba. Ngome ni Castilla. Simba ni wa León, na kila mtu anadhani León ni simba kwa sababu león kwa Kihispania ni simba. Mji ule ulikuwa makao ya Legioni ya 7, na jina ni legio, jeshi, lililosagika. Simba ni mchezo wa maneno uliokuja baadaye. Ngome na simba wa nembo ile ya kifalme ni kambi na kikosi.

Wareno nao wanalo Alcácer. Tena Alcácer Quibir, yaani Ksar el-Kebir ya Moroko, kasri kubwa, ndiko mfalme wao kijana Sebastião alikofia vitani tarehe 4 Agosti 1578 bila mtoto. Miaka miwili baadaye Ureno ikawa chini ya mfalme wa Hispania. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1593, amri ilikuwa ya Filipo huyo wa Hispania, siyo ya ukoo wa Sebastião.

#11 Mwana Bukavu

Jambo bandugu. Miye niko Bukavu, huku kwetu château tunaijua lakini haina mfalme. Château ni château d'eau, ile tangi kubwa ya maji inasimama juu ya miguu ya beton. Watu wanasema tu "pale kwenye château", na chauffeur wa moto (pikipiki) anakushusha hapo. Sasa nauliza, hiyo tangi nayo iko ngome ya Roma? Ao Wafaransa waliona iko mrefu tu?

#12 Msoma Ramani

Ndugu yangu wa Bukavu, umeuliza swali zuri kuliko yote humu, na jibu ni kwamba ile tangi ina haki ya jina hilo kupita majumba mengi ya Ufaransa. Warumi wenyewe walikuwa na castellum ya maji. Mfereji ukileta maji kutoka mlimani, ulimwaga kwenye tangi la mawe, na humo maji yakagawanywa kwa mabomba kwenda chemchemi za mtaani, mabafu na nyumba za wakubwa. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, ameandika namna ya kulijenga. Frontinus, aliyekuwa msimamizi wa maji wa Roma mwisho wa karne ya 1, analitaja kila mara. Nîmes kusini mwa Ufaransa lipo hadi leo, beseni la duara lenye matundu ya mabomba ukutani.

Kwa hiyo dereva wa Bukavu anayeshusha abiria "kwenye château" anatumia neno kwa maana ambayo fundi wa maji wa Roma angeielewa.

#13 Mseminari Mstaafu

Nimesoma kimyakimya, sasa nachangia mawili.

Nikiwa Roma masomoni nilikuwa nashuka kituo cha treni ya chini ya ardhi kinachoitwa Castro Pretorio. Jina linatokana na Castra Praetoria, kambi ya walinzi wa Kaisari iliyojengwa mwaka 23 BK enzi za Tiberio. Kuta bado zipo. Kinachochekesha ni kwamba sehemu ya eneo hilo hadi leo ni kambi ya jeshi la Italia. Pengine ni mahali pekee ambapo neno halijahama kazi.

Pili, Biblia ya Kilatini. Yesu anapowatuma wanafunzi wawili kumfungua punda, Mathayo 21:2, sisi tunasoma "nendeni mpaka kijiji kile". Kilatini cha Hieronimo, mfasiri wa Biblia hiyo, kinasema castellum. Nyumbani kwa Martha pia ni castellum. Hakuna ngome hapo, ni kijiji cha wakulima. Kwa Kilatini cha wakati huo castellum ilishakuwa kijiji chenye ua au ukuta. Waingereza wa kale walipotafsiri Injili waliandika castel wakimaanisha kijiji. Walipokuja Wanormani na castel zao za minara na askari, wananchi wakajifunza maana mpya kwa mabavu.

#14 Mzee wa Brno

Vijana, niliona mtu ameahidi kutushangaza halafu akaishia kwa simba wa Hispania. Mimi nilisoma uhandisi Brno, enzi ikiitwa Chekoslovakia. Kicheki cha kwanza mtu anajifunza ni mkate, bia na kuuliza njia. Na njia ukielekezwa mji ule, kila mara ni "pita kostel, kata kushoto". Kostel ni kanisa. Waslovaki wanasema kostol, Wapolandi kościół. Profesa mmoja ndiye aliyeniambia kostel ni castellum ya Warumi. Nilidhani ananitania, mgeni mweusi wa kutaniwa alikuwa mimi peke yangu darasani.

#15 Msoma Ramani

Mzee, shikamoo. Umeniwahi, ndiyo hasa niliyokuwa nimeiweka kiporo.

Hakukutania. Castellum iliingia katika Kijerumani cha kale, kutoka huko ikafika kwa Wacheki. Maelezo yanayotolewa ni kwamba makanisa ya mwanzo ya nchi ile ndiyo yalikuwa majengo imara, mengi yakiwa ndani ya ngome za watawala au yakiwa na kuta za kujihami. Wananchi walioishi kwenye nyumba za miti waliliona jengo kabla hawajaelewa ibada. Poland ilipokea Ukristo kupitia Bohemia, nchi ya Wacheki. Mtawala wao Mieszko alimwoa Dobrawa wa Bohemia, akabatizwa mwaka 966, na maneno ya kanisa yakaja na mahari. Hata leo Mpolandi anasema kościół kwa kanisa la Kikatoliki, la Kiorthodoksi analiita cerkiew.

Neno la ngome limekuwa kanisa. Sasa kabla sijaendelea, kuna mtu wa pwani ananielewa ninakokwenda?

#16 Bint Kilwa

Gereza!

Shikamoo Mzee wa Brno, shikamooni wakubwa wote. Jamani mimi nimezaliwa Kilwa Masoko. Ukivuka kwa mashua kwenda Kisiwani, jengo la kwanza linalokupokea ufukweni ni ngome, na jina lake ni Gereza. Watalii huuliza kama lilikuwa jela, na waongoza watalii huwaeleza kwamba neno ni la Kireno, igreja, maana yake kanisa. Wareno walikuwa na makanisa ndani ya ngome zao, watu wa pwani wakasikia igreja, wakaliita jengo zima hivyo. Zanzibar nako, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na ile ngome pia iliitwa Gereza. Baadaye ngome zikafungiwa watu, ndipo gereza likawa jela. Ngome ya Yesu imekuwa jela tangu 1895 hadi 1958.

Kwa hiyo Wacheki walianza na ngome wakafika kanisani, sisi tulianza na kanisa tukafika kwenye ngome kisha jela.

#17 Msoma Ramani

Bint Kilwa, ubarikiwe. Sina cha kuongeza hapo, ila wanaotaka kujua kwa nini "ja" ya igreja imekuwa "za": Wareno hawaitamki kama ja ya jambo, ni laini, iko karibu na zh. Na ile i ya mwanzo ilidondoka.

#18 Mwalimu wa Zamu

Mkuu, umesahau Wales. Caernarfon, Caerleon, Cardiff ambayo kwao ni Caerdydd. Caer si ni castra hiyohiyo?

#19 Msoma Ramani

Mwalimu, hapo ndipo vitabu vya zamani vinaposema ndiyo, na wataalamu wa sasa wa Kiwelshi wanaelekea kusema hapana. Caer wanaipa asili ya Kikelti, neno la ua au boma, la ukoo mmoja na cae, shamba lililozungushiwa uzio. Inachanganya kwa sababu caer nyingi kweli zimekaa juu ya ngome za Kirumi. Caerleon palikuwa na legioni nzima, na hiyo -leon ni legio, kama ya Hispania. Kiwelshi kinayo castell pia, hiyo ndiyo ya Kilatini bila ubishi. Na Waayalandi wana caiseal, ukuta wa mawe wa duara, nayo ni castellum.

#20 Kidumu cha Mafuta

Kwa hiyo Castle Lager ninayokunywa hapa ni kambi ndogo ya Kirumi?

#21 Msoma Ramani

Kikambi cha mililita mia tano. Usiimalize legioni nzima usiku mmoja.

#22 Bint Kilwa

Nami naona boma letu limepita njia hiyohiyo. Boma ni ua wa ng'ombe, ni ukuta wa kujikinga. Wajerumani wakaja wakajenga ngome zao za mawe, zikaitwa boma. Ofisi ya mkuu wa wilaya ikakaa humo, ikawa bomani. Leo watu wanafunga "ndoa ya bomani" na hakuna ng'ombe wala mzinga, ni cheti na mashahidi.

#23 Mwalimu wa Zamu

Na mtaa wa Bomani upo karibu kila mji wa wilaya niliopangiwa kazi. Wazungu wangeweka -boma kwenye mkia wa jina tu, tungekuwa na Manchester zetu.

#24 Gunner wa Tandika

Wakuu, Manchester wamepewa Warumi, Leicester wamepewa Warumi, Newcastle nao. Sisi Arsenal mnatuacha tu? Isiwe uzi mzima ni wa wapinzani.

#25 Bin Mwinyi

Gunner, njoo kwangu mwanangu, huko kwa Warumi hutapata kitu. Dar as-sina'a, nyumba ya kazi ya ufundi, Waarabu walipaita hivyo mahali pa kuunda vyombo vya baharini. Mabaharia wa Italia wakalichukua, Venezia wakalifanya arsenale, karakana kubwa ya merikebu na silaha. Likaenda Ufaransa, likafika kwa Waingereza likiwa na maana ya ghala na kiwanda cha silaha. Timu yako ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali pale Woolwich. Sina'a ni ileile sanaa unayoisikia kila siku kwa Kiswahili. Jumamosi ukivaa jezi umevaa Kiarabu.

#26 Gunner wa Tandika

Nimemaliza kazi. Nakwenda kuwasomea wa Manchester hii aya kibandani.